D.O.A.: HERUFI HIZI NI ZA NANI?

Mwezi huu tunawaletea habari ya kipande kimoja cha shaba kilichogombanisha familia nzima.

Bibi mmoja, jirani yetu hapa kambini, alikuwa na parsele yake Kigobe, kaskazini mwa Bujumbura, mtaa ule penye jengo la Bunge. Siku moja alichimba shimo la mgomba nyuma ya nyumba, jembe likagonga kitu. Kukiokota, ni kiduara chenye kutu ya kijani. Siku ya kukimbia alikifunga kwenye pindo la kitenge, akaja nacho.

Kina herufi tatu, D.O.A., na T peke yake. Wajukuu wakabishana. Mmoja anasema ni uchawi, kitupwe. Mwingine anasema ni dhahabu, kiuzwe. Bibi mwenyewe akakataa: "D ni jina la baba mkwe wangu. Huo ndio ushahidi kwamba parsele ni yetu."

Tukakiosha kwa maji, tukaangalia vizuri. Upande mmoja kuna taji na mwaka 1916. Upande wa pili, namba 20 na neno HELLER. Kumbe ni pesa!

D.O.A. ni kifupi cha Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zamani hizo Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa chini ya Mjerumani. Tangu 1904 rupia moja ilikuwa heller 100, basi hiki ni sehemu ya tano ya rupia.

Na T? Ni Tabora. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walifunga njia ya bahari, pesa hazikufika tena kutoka Ujerumani. Wajerumani wakapiga sarafu wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba yoyote waliyopata, hata maganda ya mizinga. Mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji, lenye askari wengi Wakongo, liliteka Usumbura (ndiyo Bujumbura ya leo) mwezi wa Juni, na Tabora tarehe 19 Septemba.

Bibi alinyamaza kidogo. Halafu akauliza: "Sasa parsele yangu, wajukuu?"

Hapo ndipo penye funzo. Sarafu haishuhudii kiwanja. Kinachoshuhudia ni makaratasi na watu. Jioni ile wajukuu walikaa na daftari, bibi akataja: majirani wa pande zote nne, mwaka wa kujenga, nani alikuwepo siku ya kununua, miti iliyo mpakani. Kurasa tatu zilijaa.

Familia, nanyi mfanye hivyo wazee wakiwa bado wanakumbuka. Na mkumbuke haya pia:

- Sarafu ya zamani usiisugue kwa mchanga wala majivu, inaharibika. Za namna hii zilipigwa kwa wingi, kwa hiyo usimwamini anayekuahidi utajiri.
- Watoto wakiona chuma wasichokijua ardhini, wasikiguse, wasikigonge, wasikitupe motoni. Huenda ni bomu. Wamwite mtu mzima, naye atoe taarifa kwa polisi.

Bibi hajauza. Anasema: "Pesa ilikuwa ya Mjerumani, lakini shimo nilichimba mimi." Amekirudisha kwenye pindo, na daftari ameliweka pamoja na makaratasi yake.