Chakula Hakichukui Nafasi ya Kofia

Katika vyama vya msingi wamo wanachama wenye ualbino, ambao hulima, huvuna na kungoja mizani juani kama wenzao. Ngozi zao zina upungufu mkubwa wa rangi ya asili inayokinga mionzi ya jua, na kwa sababu hiyo saratani ya ngozi huwapata mapema. Jamaa zao, kwa nia njema, huweza kutumia fedha za mazao kununua vidonge vya lishe vinavyosifiwa kuwa ni kinga. Yafaa jambo hili lieleweke sawasawa.

Mwaka 1992, katika mji wa Nambour nchini Australia, watu 1,621 waliingizwa katika uchunguzi. Baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, yaani kile kiini kinachoipa karoti rangi yake. Wengine walitakiwa kujipaka mafuta ya kukinga jua kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 1999. Vidonge havikuleta tofauti yoyote. Bali mafuta yalipunguza aina moja ya saratani ya ngozi kwa kadiri ya 40 kwa mia. Aina hiyo ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino katika Afrika.

Vidonge vingine vyaweza hata kudhuru. Huko Marekani, taarifa ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba wagonjwa waliomeza madini ya seleni walipata aina hiyo hiyo ya saratani zaidi kuliko wasiomeza.

Haya hayana maana kwamba mchicha, maembe, dagaa na maharage havina faida. Chakula bora huujenga mwili na kusaidia vidonda kupona. Lakini hakizuii mionzi ya jua.

Basi makatibu wa vyama wanashauriwa kuhakikisha kwamba wanachama hao wanapimiwa mazao asubuhi na mapema, na kwamba penye mizani pana kivuli. Kamati nazo zafikirie kuwapatia kofia pana na nguo za mikono mirefu. Mafuta ya kukinga jua yaliyokusudiwa watu wenye ualbino yamekuwa yakitengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi. Waganga waulizwe namna ya kuyapata. Na mwanachama mwenye kidonda cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja asingoje mauzo ya msimu: aende hospitali, kwani saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema huweza kutibika.