Kitabu hakimjui nyanya yako

Biashara imekwama, mpenzi hashiki simu, kazi haipatikani. Rafiki anakunong'oneza: "Nyota yako imefunikwa. Twende Malindi, kuna mzee anaangalia kitabu." Mnafika. Mzee anakuuliza mambo mawili tu: jina lako na jina la mama yako.

Kabla hujatoa pesa, jua anachofanya. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake: alif ni 1, ba ni 2, hadi ghain ambayo ni 1,000. Ali ni 70, 30 na 10, jumla 110. Maryam ni 290. Ukijumlisha unapata 400. Gawanya kwa 12, idadi ya nyota za falaki, inabaki 4. Nyota ya nne ni Saratani, yaani kaa. Mzee anafungua ukurasa wa Saratani, anakusomea. Kitabu kinachojulikana sana kwa kazi hii kimepewa jina la Abu Maashar, mnajimu aliyefariki mwaka 886.

Hesabu hiyo hata simu yako inaiweza. Na kila Ali mwana wa Maryam, awe Mtwapa au Muscat, atasomewa ukurasa uleule.

Sasa shida iko hapa. Wewe hukwenda kusikia habari za kaa. Unataka kujua ni nani anayekufunga. Mzee anakujibu: "Ni mtu wa karibu, mwanamke, mtu mzima." Jina unalijaza wewe mwenyewe. Herufi hazikulitaja. Limetoka kwenye hofu yako, au kwenye ule ugomvi wa shamba pale nyumbani.

Kilifi tumeuona mwisho wake. Wazee wameuawa wakiitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya madai kuna ardhi ya urithi. Wengine hupaka mvi rangi nyeusi wasishukiwe. Kaya Godoma imewapa hifadhi wazee waliokimbia makwao, wengine wakiwakimbia watu wa damu yao. Na Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, inasema kumsingizia mtu uchawi ni kosa.

Kuangaliziwa nyota ni shauri lako. Lakini mzee akifika kwenye "mtu wa karibu", inuka, aga, toka. Kisha mpigie nyanya simu, umuulize lile shamba lina maneno gani.