Chunga filta ya bei ya kutupwa isikuulie injini

GARI lako limefika wakati wa kubadilishwa oili. Fundi amekutuma Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, ukanunue chujio la oili, au filta kama tulivyozoea kusema. Dukani unawekewa mbili mbele yako. Zinafanana kama mapacha: ukubwa mmoja na nyuzi za kufungia ni zile zile. Lakini bei ya moja ni nusu ya bei ya nyingine. Je, utachukua ipi?

Wengi watachukua ya bei nafuu na kurudi nyumbani wakifurahia chenji iliyobaki. Hata hivyo, Waswahili hawakukosea waliposema kwamba rahisi huvunja upishi. Injini ikifa, gharama ya kuifufua yaweza kumeza karo ya muhula mzima.

Hebu kwanza tuelewe kazi ya kifaa hiki. Oili inapozunguka ndani ya injini huzoa masizi, vumbi na chembechembe za chuma. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi, lakini chembe za mikroni 10 hadi 20 tu zatosha kukwaruza beringi. Kwa hivyo, uchafu unaomaliza injini huwezi kuuona kwa macho. Karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya mkebe ndiyo inayounasa huku ikiipisha oili.

Mbali na karatasi hiyo, filta nyingi zina vitu viwili muhimu. Cha kwanza ni kipande cha mpira kinachozuia oili isitoke kwenye filta gari linapozimwa. Mpira huo ukiwa hafifu, utawasha gari asubuhi na taa nyekundu ya oili ikawie kuzimika, huku injini ikigongagonga. Katika sekunde hizo vyuma vinasagana bila oili ya kutosha.

Cha pili ni valvu ya dharura. Filta ikijaa uchafu, au oili ikiwa nzito kwa baridi, valvu hiyo hufunguka ili oili ipite bila kuchujwa, kwani ni heri injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa. Springi yake ikiwa dhaifu, oili chafu itapita kila siku bila wewe kujua. Isitoshe, nguvu ya kuifungua hutofautiana baina ya injini na injini. Ndiyo maana filta kuingia vizuri kwenye nyuzi si thibitisho kwamba ni ya gari lako. Fuata nambari iliyo katika kitabu cha gari.

Basi utaijuaje filta nzuri? Usidanganywe na rangi ya mkebe wala uzito wake. Ukiwa dukani, tazama mpira wa duara unaozibia: uwe laini, umekaa sawasawa na usiwe na nyufa. Nyuzi ziwe safi, bila vumbi la chuma. Linganisha nambari iliyo kwenye boksi na ile ya mkebe, na uangalie kama maandishi yamefifia au yana makosa ya tahajia. Mtengenezaji wa kuaminika hueleza filta yake hunasa asilimia ngapi ya chembe za ukubwa fulani, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 4548-12. Kusema tu "inachuja mikroni 20" bila asilimia hakutoshi.

Kadhalika, dai risiti. Kuuza bidhaa ghushi ni hatia nchini Kenya chini ya sheria ya mwaka 2008, lakini utamshtaki nani bila ushahidi wa mahali uliponunua?

Ushahidi mkubwa zaidi umo ndani ya filta kuukuu ambayo fundi huitupa. Mwambie akupe. Iache ichuruzike usiku kucha, kisha aikate kwa kifaa maalum, kwa sababu msumeno humwaga chembe za chuma zitakazokuchanganya. Vaa glavu, maana kingo zake hukata. Je, mikunjo imejipanga vizuri au imelaliana? Gundi imeshika, au karatasi imebanduka na kuacha mwanya? Ikiwa kuna mwanya, oili ilikuwa ikipita pembeni, na hiyo si filta ya kununua tena. Ukiona vitu vinavyometameta kwenye karatasi, mwonyeshe fundi mara moja, kwani huenda injini imeanza kulika. Mwite na mtoto wako anayesoma fizikia aone. Ni somo asiloweza kulipata ubaoni.

Filta mpya inapofungwa, simama pale. Hakikisha mpira wa ile ya zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mpira mpya upakwe oili safi, na filta ikazwe kwa mkono. Nyingi huhitaji robo tatu ya mzunguko baada ya mpira kugusa, lakini soma maagizo ya boksi.

Mwisho, kumbuka kwamba hata filta bora kabisa hujaa. Ikiwa gari lako hushinda kwenye msongamano wa jiji au barabara za vumbi, ibadilishe mapema, pamoja na oili. Mtu hachuji chai mpya kwa chujio lililojaa makapi ya jana.