UZI: "Kumsalimia" mbunge ni nini hasa?

Wacha niwaeleze hili neno, maana kila siasa zikichemka huku mtandaoni lazima mtu aandike "tumsalimieni", na mwingine aulize kwani kusalimia ni kosa.

Salamu ilitoka kwa Kiarabu, ukoo mmoja na salama. Unamtakia mtu amani. Wanasiasa wetu walilichukua zamani: mtu amekuja mazishini, anapewa maiki, "nimesimama tu kuwasalimia," kisha siasa nusu saa na jeneza liko pale. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana wakamrudishia. Nambari za wabunge zikasambazwa, na kila mwenye simu akaombwa awasalimie: meseji, WhatsApp, simu usiku na mchana.

Mimi pia nilituma. Mistari 2, jina langu na eneo bunge letu, nikamwomba apige kura ya la. Hapo sioni kosa. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha.

Lakini tusidanganyane, si zote zilikuwa hivyo. Zingine zilitaja nyumba na watoto wa mtu. Na shangazi yangu, muuza mboga, nambari yake inatofautiana na ya mheshimiwa mmoja kwa tarakimu 1 tu. Alizima simu siku 3, na wateja wake hulipa kwa M-Pesa. Hiyo si salamu jamani.

Sasa sheria. Unyanyasaji wa mtandaoni uko kwa kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ujumbe wa kumtia mtu hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali ni kosa. Ujumbe mchafu au wa matusi mazito pia ulifanywa kosa 2018. Hayo naelewa. Shida ni kipengele cha katikati jinsi kilivyopitishwa 2018: mawasiliano yanayomwathiri mtu vibaya, basi. Mbunge akikosa usingizi sababu watu 500 wamemuuliza kuhusu kura yake, si angeapa ameathirika? Na wewe, kwa sheria hiyo ilivyopitishwa 2018, faini ilifika milioni 20, au jela miaka 10, au zote mbili.

Ile meseji yangu bado ninayo. Tiki 2 za buluu, na jibu hakuna hadi leo.