Nyumba ya Mkopo na Jasho Katika Vijiji vya Marekani

Ukisikia jina la Marekani huenda unafikiria maghorofa tu. Lakini Marekani ina vijiji pia. Ina wakulima, na ina vibarua wanaochuma mazao katika mashamba ya wengine na jioni wanarudi kulala katika vibanda. Leo tutazungumza juu ya sheria inayowawezesha watu kama hao kupata nyumba zao wenyewe.

Kwanza tuelewane. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina serikali yake. Juu ya majimbo yote ipo serikali kuu, iliyoko Washington, yenye Bunge lake. Sheria tunayoizungumzia ilipitishwa na Bunge hilo, kwa hiyo inatumika nchi nzima.

Mwaka 1949 Rais Harry Truman alitia sahihi Sheria ya Nyumba. Sehemu kubwa ya sheria hiyo ilihusu miji. Ilisema mitaa mibovu ibomolewe na nyumba za kupanga zijengwe. Lakini wakulima nao walitengewa sehemu yao. Wizara ya Kilimo iliruhusiwa kumkopesha mkulima fedha za kujenga au kutengeneza nyumba, ikiwa hawezi kupata mkopo mahali pengine. Usishangae kusikia Wizara ya Kilimo inajenga nyumba. Wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na maofisa huko mashambani, waliozoea kumkopesha mkulima.

Hata hivyo palikuwa na kasoro. Mkopo ulikuwa wa mwenye shamba. Kibarua asiye na shamba hakuhesabiwa. Mwaka 1961 Bunge lilirekebisha sheria, na watu wengine wa vijijini nao wakaruhusiwa kukopa.

Kuruhusiwa ni jambo moja, kumudu ni jambo lingine. Kibarua atalipaje deni la nyumba nzima, pamoja na ujira wa mafundi? Jibu lilipatikana Goshen, kijiji kidogo katika jimbo la California. Huko watu hulima pamba, zabibu na machungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa shirika la dhehebu la Quaker walikuwa wakifanya kazi na vibarua wa sehemu hizo. Waliona kwamba kibarua hana fedha, lakini ana mikono. Familia tatu zikajenga nyumba zao kwa mikopo ya serikali. Fedha zilinunua vifaa, kazi wakaifanya wenyewe. Nyumba zikasimama! Mwaka 1965 likaanzishwa shirika la kuendeleza kazi hiyo katika bonde lile. Mwaka 1968 Bunge likauingiza mpango huo katika sheria ya nchi.

Je, kazi yenyewe inakwendaje? Familia kadhaa, mara nyingi kati ya nne na kumi, hukusanywa katika kikundi kimoja. Kila familia ina mkopo wake na kiwanja chake. Lakini hujenga pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Sisi huku tunaujua msaragambo, basi na huo ni msaragambo, ila huu umeandikwa katika mkataba. Familia zinatakiwa kufanya si chini ya asilimia 65 ya kazi ya kujenga. Maana yake, katika kila saa 100 za kazi, saa 65 ni zao. Baba, mama na ndugu hupiga misumari jioni baada ya kibarua, na siku za mwisho wa juma. Kazi za hatari, kama kuweka umeme, huachiwa mafundi.

Msimamizi anayewafundisha hulipwa na shirika, na shirika hupewa ruzuku na serikali kuu. Kwa kawaida hakuna anayehamia mpaka nyumba za kikundi kizima zimalizike. Nadhani hii ndiyo kanuni yenye akili kuliko zote. Aliyemaliza kwake hawezi kuwatupa wenzake.

Sasa tuje kwenye deni, maana nyumba hizi si za bure. Mkopo hulipwa kwa miaka 33, na wenye kipato kidogo zaidi wanaweza kupewa miaka 38. Malipo ya kutangulia hayatakiwi. Riba, yaani ile nyongeza anayolipa mkopaji juu ya fedha alizokopa, inaweza kushushwa mpaka asilimia 1 kwa mwaka kwa mtu wa kipato kidogo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mtu amekopa dola 200,000 kwa miaka 33. Kwa riba ya asilimia 5 atalipa kama dola 1,032 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 1 atalipa kama dola 593. Tofauti yake inakaribia dola 440 kila mwezi. Kwa kibarua wa shambani, hicho ndicho chakula cha watoto.

Mpango huu umeenea. Kufika mwaka 2015, nyumba 50,000 zilikuwa zimejengwa kwa njia hii. Lakini tusidanganyane, Marekani ni nchi kubwa mno, na idadi hiyo ni ya miaka mingi. Kinachozuia ni fedha. Kila mwaka Bunge hupanga kiasi cha kukopesha. Kikiisha kimeisha, na mtu mwenye sifa zote hungoja. Viwanja navyo ni ghali. Na kazi inachosha. Mtu ameinama shambani tangu alfajiri, jioni apande juu ya paa na nyundo!

Tena nyumba inawekwa rehani mpaka deni liishe. Asiyelipa anaweza kunyang'anywa, hata kama kila msumari aliupiga yeye. Serikali hutazama tena kipato cha mkopaji. Kikipanda, unafuu wa riba hupungua. Na siku akiuza nyumba, au akihama, anaweza kudaiwa sehemu ya unafuu ule aliopewa miaka yote. Faida inayobaki baada ya hapo ni yake.