Je, Wajua? Utamu wa Ituri bila sukari ya dukani

Msimu wa asali ukifika katika msitu wa Ituri, Wambuti, wenyeji wa msitu huo, hushiba asali kuliko nyama. Mtu hukwea mti mrefu mno, akiwafukizia nyuki moshi, kisha asali huliwa pamoja na masega, hata watoto wa nyuki wamo humo.

Ila Shirika la Afya Duniani huihesabu asali sawa na sukari ya dukani. Na mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe kabisa.

Lakini ndizi nzima haimo katika hesabu hiyo ya sukari! Ikiwa mbichi imejaa wanga. Ikiiva hadi ganda lipate madoa meusi, karibu wanga wote umegeuka sukari.

Mama wa Bunia, iponde ndizi hiyo iliyoiva ndani ya unga wa mandazi badala ya sukari ya dukani.