Mrija wa Kombe: Njia ya Pumzi Chini ya Mchanga

Maji ya bahari yanapokupwa katika pwani ya Afrika Mashariki, wanawake hushuka na vikapu vyao kuokota kombe. Kombe wengine hupatikana kwa kupekua mchanga kwa vidole. Wengine hawaachi dalili yoyote ila vitundu viwili vidogo, na atakaye kuwapata hana budi kuchimba. Tofauti hiyo yatokana na kiungo kimoja, nacho ni mrija.

Mwili wa kombe umefunikwa na utando laini mfano wa joho, na utando huo ndio utengenezao magamba yake mawili. Kombe hupata pumzi na chakula kwa njia moja: maji huingia ndani na kupita katika matamvua, chembe za chakula hunaswa humo, kisha maji hutolewa pamoja na taka. Akijifukia pasipo njia ya kumfikishia maji hayo, hufa.

Mrija haukuzuka kama kiungo kipya. Ni kingo za joho lile lile, ambazo upande wa nyuma zimekutana, zikaungana, kisha zikarefuka. Kwa kawaida mirija huwa miwili: mmoja huingiza maji na wa pili huyatoa. Ukingo wa joho una mikunjo mitatu, na mwaka 1948 mtaalamu wa Uingereza, C. M. Yonge, alieleza kwamba mirija ya kombe hutofautiana kwa kadiri ya mikunjo iliyoungana. Ukiungana mkunjo wa ndani peke yake, mrija huwa laini. Ikiungana yote mitatu, mrija huvikwa ngozi ngumu.

Ulinganisho wa kombe wachache huonyesha hatua hizo. Kombe wa pwani ya Afrika Mashariki aitwaye kitaalamu Anadara antiquata hana mrija. Kingo za joho lake hazikuungana, kwa hiyo hukaa karibu na uso wa mchanga. Jamii ya Tellina ina mirija miwili iliyotengana, na ule wa kuingiza maji hupapasa juu ya mchanga ukifyonza chembe za chakula, kama mkonga wa tembo. Mya arenaria wa bahari za kaskazini ana mirija iliyoungana ndani ya ala moja ngumu. Naye Panopea generosa, wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, ana mrija uwezao kufika urefu wa karibu mita 1, na huweza kuishi zaidi ya miaka 100.

Wanyama wa jamii ya kombe wamekuwako kwa zaidi ya miaka milioni 500. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Steven Stanley, alionyesha kwamba waishio ndani ya mchanga na tope waliongezeka sana aina zao baada ya kipindi kilichokwisha miaka ipatayo milioni 250 iliyopita, na kwamba mrija ndio uliowafungulia njia. Kina cha mchanga kiliwakinga na mawimbi, jua na maadui. Tena, mrija ulitokea katika koo mbalimbali, kila ukoo kwa njia yake.

Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama. Samaki huzikata ncha za mirija, na kombe hulazimika kutumia chakula chake kuziotesha upya. Mrija wa Panopea haurudi wote ndani ya gamba, na Mya mkubwa aliyefukuliwa hujifukia tena kwa shida.

Hata gamba tupu huhifadhi habari hii. Ndani yake mna alama ya mstari ambapo joho lilishikamana na gamba. Mstari ukienda bila kukatika wala kupinda kuelekea ndani, mwenye gamba hakuwa na mrija mrefu. Ukiingia ndani kama ghuba upande wa nyuma, hapo ndipo mrija ulipovutwa. Na kwa kawaida, kadiri ghuba ilivyo kubwa ndivyo mrija ulivyokuwa mrefu.

Basi kombe asiye na mrija hawezi kukimbilia kina kirefu. Ngao yake ni gamba, na gamba halizuii kikapu. Maadamu ndiye aokotwaye kwa urahisi, ndiye pia awezaye kumalizika upesi. Anayewaacha wadogo wakue huwapa kinga ambayo maumbile hayakuwapa.